Funguo za stoo ninazo mimi, kalamu ninayo mimi, mifuko 14 sikuiona

BARUA

Shikamoo mama,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini, nina miaka 31. Nina watoto wawili, wa mwisho ana miezi 7 na bado ananyonya. Nakuandikia usiku kwa kuwa mchana sipati hata nafasi ya kukaa, na kwa kuwa kuna karatasi moja ndani ya andalio langu la somo ambayo leo ni siku ya tisa natembea nayo bila kuisaini.

Shule yetu ilipata fedha za kujenga vyumba viwili vya madarasa na matundu manne ya vyoo. Ujenzi ni wa fosi akaunti: shule inanunua vifaa yenyewe, fundi analipwa ufundi tu. Ukaitishwa mkutano wa kijiji, zikachaguliwa kamati tatu, ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Mimi nikawekwa kwenye mapokezi, nikawa katibu. Mwenyekiti wangu ni mzee mmoja mstaafu, wote tunamwita Babu. Manunuzi yakaongozwa na mwalimu mwenzangu wa Hisabati, kijana hodari, yeye ndiye aliyeujua NeST, mfumo wa Serikali wa manunuzi kwa mtandao, na ndiye aliyekuwa akizunguka madukani kutafuta bei.

Mwezi wa pili wa ujenzi yule mwalimu akahamishwa. Mwalimu Mkuu akaniita ofisini: "Mwalimu, hebu shikilia kwanza mpaka tupate mtu." Mtu hakutafutwa. Nikaanza kupiga simu kuulizia bei ya nondo. Baadaye mlinzi akapoteza ufunguo mmoja wa stoo, Mkuu akasema funguo zikae kwangu maana nyumba yangu iko karibu. Kisha Babu akaanza kuumwa miguu, nikawa napokea mzigo peke yangu, halafu jioni nampelekea karatasi nyumbani anasaini akiwa mkekani. Sasa hivi fundi akiishiwa maji ananiita mimi. Vibarua wakidai hela yao wananiita mimi. Nikiwa darasa la tatu nafundisha Kusoma, naona kofia ya fundi inapita dirishani, najua kipindi kimeisha.

Wiki tatu zilizopita alikuja mhandisi wa halmashauri. Akapanda ngazi, akaiangalia lenta, ile boriti ya zege juu ya milango na madirisha, akashuka amekasirika. Anasema ringi za kufungia nondo zimeachana sentimita 30, yeye aliagiza 20, na zege limemwagwa kabla hajakagua. Akauliza kwa sauti: "Nani alimruhusu fundi amwage?" Mama, walikuwapo watu wanane pale. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi alikuwapo. Mtendaji wa kijiji alikuwapo. Wote wakanigeukia mimi. Nami nikajikuta nasema, "Samahani mhandisi." Naomba samahani ya lenta, wakati mimi ni katibu wa mapokezi.

Ndipo likaja hili la saruji. Tuliagiza mifuko 100. Gari lilifika jioni sana siku niliyompeleka mtoto kliniki, nikalala kwa dada yangu mjini. Kesho yake nikafungua stoo, nikahesabu mifuko 86. Nikahesabu tena. Nilipomuuliza Mkuu akajibu kwa utulivu kabisa kuwa mifuko 14 ilishushwa moja kwa moja kule vyooni kwa sababu fundi alikuwa anamwaga zege. Akanipa hati ya kupokelea mzigo imeandikwa 100, nisaini ili mwenye duka alipwe. Nikamwambia nitaisaini. Sijasaini.

Huyu Mkuu, mama, si mtu wa kunionea. Nilipofika shuleni nikiwa mgeni, alinipa chumba kwake miezi miwili. Baba yangu alipofariki alikuja msibani mpaka kwetu, safari ya siku nzima kwa basi. Juzi nilijaribu kumgusia kwamba tukae tuandike nani anafanya nini, akacheka akanigonga bega: "Tumebakiza kupaua na kupiga plasta. Sasa hivi ukianza kuuliza kazi ya nani ni ipi, utawavunja watu moyo." Mume wangu anasema nisaini yaishe, jengo ni la Serikali na mimi nina watoto. Mwalimu mwenzangu mmoja anasema nipige simu TAKUKURU, wale wa kupambana na rushwa.

Mimi sitaki kumshitaki mtu, na sitaki kuwa mwizi kwa maandishi. Nataka tu kila mmoja ajue kazi yake. Lakini nikiitisha kikao sasa, kila mtu atajua ni kwa sababu ya ile mifuko 14, na itakuwa nimemtangaza Mkuu kuwa ni mwizi. Niitishe kikao, au ninyamaze mpaka jengo liishe?

Mimi,
Mwalimu mwenye funguo

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole. Pole ya siku tisa, na pole zaidi ya ile "samahani mhandisi", maana naona ndiyo iliyokuuma kuliko yote.

Nikirudie ulichosema, uone kama nimekupata. Ulichaguliwa na mkutano wa kijiji kufanya kazi moja: kupokea mzigo pamoja na wenzako, kuuhesabu na kuuandika. Kazi ya pili, ya kununua, ulikabidhiwa kwa mdomo mwenzako alipohamishwa. Ya tatu, ya kutunza stoo, ilikujia kwa sababu nyumba yako iko karibu. Ya nne, ya kuwa masikio ya fundi na vibarua, hakuna aliyekupa, ilikuja yenyewe. Sasa kuna karatasi inayotaka saini yako juu ya kitu ambacho macho yako hayakukiona, na anayeiomba ni mtu aliyekusitiri.

Nitaanza na ile lenta kabla ya saruji, kwa sababu naamini mifuko 14 imetokea mlango uleule.

Mhandisi aliuliza nani aliruhusu. Unadhani wale watu wanane walikugeukia kwa sababu wanakuonea? Huenda wapo walioona afadhali wewe kuliko wao. Ila mimi nahisi wengi walikuwa hawajui kweli. Swali lilikuwa halina mwenyewe, na swali lisilo na mwenyewe watu humpelekea yule anayeonekana kila siku. Fundi alijua kufunga nondo na kumwaga zege. Lakini nani wa kusema "ngoja, mhandisi hajafika"? Nani wa kumpigia mhandisi simu siku mbili kabla? Nani wa kuambiwa kwamba zege limeshamwagwa? Haya ni maswali tofauti na kila moja lina mtu wake. Kwa lenta ile, anayefanya ni fundi. Anayejibu ikiharibika ni kamati ya ujenzi na mwenyekiti wake. Anayeulizwa kabla ni mhandisi. Anayepewa taarifa ni Mwalimu Mkuu. Wewe huhusiki hapo kabisa, isipokuwa labda kwa kuandika ni ringi ngapi zimetoka stoo.

Na ujue kwa nini jambo hili lina uzito kwenye fosi akaunti kuliko kwingine. Mkandarasi akipewa kazi, vurugu zote za nani anunue, nani apokee, nani asimamie ni zake, ninyi mnangoja funguo za jengo. Fosi akaunti imemwondoa mkandarasi ili fedha itoshe kujenga zaidi, na imefanya kazi. Mwaka 2021 Serikali ilipotenga vyumba 15,000 vya madarasa kutoka kwenye ule mkopo wa Sh. trilioni 1.3 wa mapambano dhidi ya UVIKO-19, kila chumba kilipangiwa Sh. milioni 20, na walimu na wanakijiji wengi walijikuta ndio wanunuzi, watunza stoo na wasimamizi kwa wakati mmoja. Mkandarasi ameondoka, lakini kazi yake haikuondoka. Imegawanywa kwenye zile kamati tatu. Anayeomba kifaa asiwe ndiye anayekinunua, anayenunua asiwe ndiye anayepokea, anayepokea asiwe ndiye anayelipa. Mkono mmoja ukikosea, mwingine unaona. Kwenu mikono mitatu imekuwa mmoja, na mkono huo ni wako.

Kwa hiyo naomba nikuulize jambo, nawe ulipokee kama swali la mama. Unasema kutaka majukumu yaandikwe ni kumtangaza Mkuu kuwa mwizi. Nani amekuambia hivyo? Yeye alisema utawavunja watu moyo. Hayo mengine umeyaongeza wewe usiku, peke yako, na karatasi ndani ya andalio. Inawezekana Mkuu anaogopa kikao kwa sababu ana la kuficha. Inawezekana pia anaogopa kwa sababu kikao kitamuuliza kwa nini hakujaza nafasi ya mwalimu aliyehamishwa, na hilo ni uzembe tu, si wizi. Au amechoka kama wewe: halmashauri inamtaka taarifa, diwani anauliza lini watoto wataingia darasani, na kwa akili yake akisema "Mwalimu, shikilia" anaamini amekuheshimu. Mimi sijui ni lipi. Nawe pia hujui, ndiyo maana hujasaini na hujapiga simu.

Na swali la pili, hili ni lako. Je, Babu anajua kwamba hafanyi kazi yake? Unampelekea karatasi mkekani kwa huruma, nami nakuelewa, mzee anaumwa miguu. Lakini kila jioni ile unamfundisha kwamba mapokezi ni kusaini. Na kila unapomkimbilia fundi ukaliacha darasa la tatu, unamfundisha mwenyekiti wa ujenzi kwamba anaweza kukaa nyumbani. Sikulaumu. Mtu anayeweza kazi huwa hivyo, anaona pengo analiziba, halafu pengo linamzoea. Ila ukienda kwenye kikao chochote, nenda ukijua kwamba na wewe kuna mambo ulisema "sawa" ambayo ungeweza kusema "naomba tuongee kwanza".

Niliwahi kuwa mweka hazina wa kamati ya maji, miaka mingi iliyopita. Nilisaini kupokea roli 30 za mabomba nikiwa jikoni nasonga ugali, aliyeleta karatasi akiwa mtu wa kanisani kwetu. Roli zilikuwa 30 kweli, hakuna aliyeiba. Lakini mbili zilikuwa za kipenyo kidogo kuliko tulichoagiza, na mwaka mzima ukapita nikijibu kwa nini nilipokea. Aliyenunua hakuulizwa. Aliyeuza hakuulizwa. Saini ilikuwa yangu. Kwa hiyo ukiniambia mume wako anasema saini yaishe, namwelewa, anakupenda na anataka ulale. Ila jengo likiisha, mafaili hayaishi. Mkaguzi wa ndani wa halmashauri anaweza kuja, wakaguzi wa CAG, yule Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, wanaweza kuja, pengine wewe umeshahamia mkoa mwingine, na wao wataiona hati yenye 100, leja yenye 86 na jina lako kwenye zote mbili. Na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 ina kifungu kinachogusa mtu anayetumia nyaraka zenye maelezo ya uongo kumpotosha mwajiri wake. Sikutishi. Nakuambia karatasi hiyo ni nini, usije ukaisaini ukidhani ni heshima tu kwa mtu aliyekufadhili.

Sasa hiyo mifuko yenyewe. Zege, mwanangu, halifichiki. Fundi akichanganya moja kwa mbili kwa nne, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, mita moja ya ujazo inakula mifuko sita na kidogo ya kilo 50. Mifuko 14 basi inatoa zege la mita za ujazo 2 na kitu, yaani sakafu ya mita 5 kwa 4 yenye unene wa sentimita 10. Kama siku ile vyooni walimwaga sakafu ya ukubwa huo, au msingi unaokaribia hapo, Mkuu amekuambia kweli na wewe umeteseka siku tisa bure. Kama walichomwaga ni robo yake, basi kuna mifuko ya kutafutwa, na huenda imo kwenye tofali au imerudishwa dukani au imekwenda ambako hatujui. Tepu ya fundi ya mita tano inatosha. Wala huhitaji kumwambia mtu kwamba unachunguza. Kamati ya mapokezi inaruhusiwa kujua ilichopokea kimekwenda wapi. Muulize fundi walimwaga nini jioni ile, mpime naye, uandike kwenye daftari tarehe na vipimo. Hili pekee ndilo ambalo ningependa ulifanye kabla ya kuamua lolote, kwa sababu maamuzi yako yote yanategemea jambo ambalo bado hujalitazama.

Baada ya hapo zipo njia kadhaa, na kila moja ina mwiba wake.

Unaweza kuisaini hati kwa ulichokiona. Saini si lazima iwe ndiyo au hapana. Unaandika kwa mkono wako: "Nimehesabu mifuko 86 stoo tarehe fulani. Mifuko 14 sikuwapo iliposhushwa, naelezwa ilipelekwa kwenye ujenzi wa vyoo," na aliyekuwapo jioni ile, awe mlinzi, awe fundi, awe Mkuu mwenyewe, anasaini kwa hiyo 14. Mwenye duka anaweza kulipwa, ukweli umekaa palepale kwenye karatasi, na hujamwita mtu jina baya. Mwiba wake ni kwamba Mkuu anaweza kuona umemwachia mzigo, na uhusiano wenu ukapoa. Jiandae kwa hilo. Ila nami nauliza, kama alikuwapo, kuna ubaya gani akisaini alichokiona?

Unaweza kuzungumza naye kabla ya kikao chochote. Asubuhi, mlango umefungwa, si mbele ya walimu wala baada ya mkutano wa wazazi. Na usianze na saruji. Anza na msaada: "Mkuu, wewe ulinipokea hapa kama mwanao, ndiyo maana nakuja kwako kwanza. Nimezidiwa. Kazi nne nimeshindwa, na nikikosea wewe ndiye utakayeulizwa." Sentensi hiyo ya mwisho ni kweli tupu, maana mwenye shule ni yeye, na nywila na malipo viko ofisini kwake. Mtu aliyesafiri siku nzima kwenye basi kuja kumzika baba yako, yawezekana kabisa akakusikia. Yawezekana pia akakupigapiga bega tena na kukupa maneno matamu, ukatoka umeridhika, na kesho kofia ya fundi ikapita dirishani. Kwa hiyo kabla ya kuingia amua moyoni unaomba kitu gani kimoja. Mimi ningeomba mtu wa manunuzi.

Na hapo ndipo naona mlango wa kikao ambao wewe hukuuona. Umekuwa ukifikiria kikao cha "nani anafanya nini", chenye harufu ya mifuko 14. Lakini kamati ya manunuzi haina mwenyekiti tangu mwezi wa pili wa ujenzi! Hiyo ni ajenda halali, haina mwizi ndani yake, na haiwezi kungoja kwa sababu bado bati, mbao za kenchi na misumari havijanunuliwa. Kumchagua mtu kunalazimu kumweleza kazi yake, na kumweleza kazi yake kunalazimu kusema kazi za wengine zinaanzia wapi. Ukurasa mmoja unatosha: nani anaomba kifaa, nani ananunua, nani anapokea na wakiwa wangapi, nani anatunza stoo, nani anaidhinisha kitoke, nani anakagua hatua kabla zege halijamwagwa, nani analipa. Majina, si vyeo tu, na jina la pili la mtu wa kushika zamu mwenye kazi akiumwa au akisafiri. Mngekuwa na hilo jina la pili, gari lisingeshusha mzigo jioni ile bila mtu wa mapokezi. Mtendaji wa kijiji anaweza kuubandika ukurasa huo kwenye ubao wa matangazo, wanakijiji wauone. Hatari yake unaijua: kunaweza kutokea mtu mmoja kikaoni, hasa yule mwenyekiti wa ujenzi aliyekaa kimya siku ya lenta, akaigeuza kuwa kesi ya saruji. Usiitetee wala usiijadili. Sema mapokezi wanaandaa taarifa ya saruji kwa maandishi, na rudi kwenye ajenda.

Funguo je? Najua kuna siku umetamani uziweke mezani kwa Mkuu na uondoke. Ukifanya hivyo kwa hasira, stoo itabaki bila mtu, na kitakachopotea kitahesabiwa kuanzia siku uliyoondoka wewe. Ukitaka kuzitoa, hesabu stoo yote mkiwa watu watatu, andikeni saruji mifuko mingapi, nondo za milimita 12 ngapi, mbao ngapi, kila mmoja asaini, ndipo ufunguo ubadilishe mkono. Vilevile unaweza kuamua kubaki nazo ukaacha manunuzi. Si lazima uache yote, wala si lazima ubaki na yote.

TAKUKURU sijaikwepa. Namba 113 ni ya bure, na tangu 2015 kuna sheria ya kuwalinda watoa taarifa. Kuna ofisa elimu kata pia, na mkaguzi wa ndani pale halmashauri. Ukipima ukaona mifuko haipo, ukazungumza na Mkuu akakulazimisha kuandika 100, basi mwenzako wa shule atakuwa hajakushauri vibaya. Lakini ukipiga simu leo, utamweleza ofisa hadithi yenye tundu katikati, nawe ndiye uliyeshika funguo. Fikiria ungependa uwe umeshika nini mkononi siku unapiga.

Jambo dogo nje ya ujenzi, nivumilie. Mtoto wa miezi 7 anahitaji kunyonya, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtambua mama anayenyonyesha kwa kumpa hadi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi. Saa hizo umezigawa kwa vibarua na nondo. Ukurasa ule wa majukumu ukiandikwa, zidai zirudi. Na darasa la tatu nao wadai kipindi chao cha Kusoma.

Sitakuambia usaini au usisaini, uitishe kikao au usiitishe. Wewe ndiye unayemjua Mkuu, unamjua Babu, unakijua kijiji na maneno yake, na ni wewe utakayebaki hapo barua hii ikishasomwa. Ila ile tepu usiende nayo peke yako. Mpitie Babu. Kama miguu haimruhusu, muombee bodaboda, akae kwenye kiti kivulini pale vyooni, ashike daftari na kuandika wakati wewe na fundi mnapima. Mwenyekiti wa mapokezi ni yeye, na nadhani hajaulizwa siku nyingi. Kisha niandikie ulichokuta.